Nafsi ya Mtu: Wanafalsafa wa Yunani na Jando la Masasi

Mara nyingi kando ya kaburi twamsikia mhubiri akiwaambia waombolezaji kwamba kilichomo jenezani ni ganda tu, na kwamba marehemu mwenyewe amekwisha kuondoka. Maneno hayo huwafariji wengi, na sisi wenyewe tumepata kuyasema. Walakini mwanafunzi wa theolojia akiulizwa ameyapata wapi katika Maandiko, itampasa kufikiri kitambo. Chanzo chake kilicho wazi kuliko vyote si waraka wa Paulo, bali ni kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo. Ndani yake Crito amwuliza Socrates, siku ile ya kunywa sumu mwaka 399 K.K., wamzike namna gani. Naye ajibu kwa mzaha kwamba wamzike wapendavyo, mradi tu waweze kumshika. Watakachozika ni mwili wa Socrates, wala si Socrates.

Katika makala hii twakusudia kueleza jinsi wanafalsafa wa kale wa Magharibi walivyoielewa nafsi ya mtu, na twapenda kulifanya hilo huku tukiitazama nchi moja, yaani Masasi penye tambarare na vilima vya mawe, na Newala iliyo juu kwenye uwanda wa Makonde. Injili ililetwa kule na wamisionari wa UMCA, kisha na Wabenedikto wa Ndanda. Sisi Walutheri hatukuwa miongoni mwa waanzilishi. Hata hivyo twaichagua nchi hiyo kwa sababu kule swali la mtu ni nani halikubaki vitabuni. Lilijibiwa na watumwa waliofunguliwa, na ngariba, na makungwi, na mapadre walioamua kama mtoto aliyebatizwa aende kumbini au asiende.

Kabla ya kuwafikia wanafalsafa hatuna budi kusimama kidogo penye neno lenyewe, maana lugha yetu imefunga mambo mengi katika neno nafsi. Limetoka katika Kiarabu, pamoja na mwenzake roho. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, walipokutana na neno la Kiyunani psukhe, hawakufuata njia moja. Katika Mathayo 16:26 wameandika nafsi. Katika Mathayo 10:28 neno lile lile limekuwa roho. Na katika Mathayo 6:25 limekuwa maisha. Hatuwalaumu, kwa kuwa kila mahali pana sababu yake. Ila matokeo yake ni kwamba asomaye Mathayo 10:28 kwa Kiswahili hawezi kujua kuwa roho ile siyo pneuma ya Paulo. Ni katika 1 Wathesalonike 5:23 tu, na mahali pengine pachache, ndipo maneno yote mawili yanaposimama pamoja na kumlazimisha msomaji kuuliza tofauti yake.

Tena tukiukiri Utatu twasema Nafsi tatu. Hapo neno haliibebi psukhe hata kidogo. Labeba neno la Kilatini persona. Naye mwalimu wa sarufi darasani hufundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, akimaanisha tu yule asemaye, yule asemwaye naye, na yule asemwaye habari zake. Kwa hiyo Mswahili ana neno moja kwa kile kinachouhuisha mwili, kwa yule asimamaye mbele ya wengine na kusema nao, na hata kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wayunani na Warumi walihitaji karne nyingi kuyaunganisha mambo hayo, na pengine hawakufaulu vizuri.

Tumtazame sasa Plato. Katika Alcibiades, mazungumzo ambayo baadhi ya wataalamu wana shaka kama aliyaandika yeye, Socrates aliongoza kijana hatua kwa hatua. Fundi viatu hutumia kisu, naye si kisu. Hutumia pia mikono na macho yake; basi yeye si mikono wala macho. Mtu hutumia mwili wake wote. Kwa hiyo mtu si mwili, bali ni yule autumiaye, ndiyo psukhe. Hoja hii yavutia kwa wepesi wake, na humo ndimo ilimo hatari yake, kwa sababu imekwisha kukubali tangu mwanzo kwamba mkono wangu wanihusu jinsi kisu kinavyomhusu fundi. Katika Jamhuri Plato aligawa psukhe yenyewe sehemu tatu, yaani akili, ghadhabu na tamaa; na katika Phaedrus alizifananisha na mwendesha gari mwenye farasi wawili, mmoja mtii na mmoja mkaidi. Wengi wetu tuliishika picha hiyo tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Lakini kuna jambo katika Alcibiades ambalo walimu hulipita haraka. Akiulizwa jinsi ya kuitii ile amri iliyoandikwa hekaluni Delphi, kwamba mtu ajijue, Socrates alitoa mfano wa jicho. Jicho haliwezi kujiona lenyewe. Lataka kutazama katika jicho la mwingine, na kujiona katika mboni yake. Vivyo hivyo nafsi itakayo kujijua yapaswa kuitazama nafsi nyingine. Twaona vema kulisema hili kwa sababu imekuwa desturi katika insha za wanafunzi wetu, tangu John Mbiti alipochapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, kuandika kwamba Wayunani walimjua mtu aliye peke yake na Waafrika walimjua mtu aliye katika jamaa. Mgawanyo huo ni rahisi mno. Aristotle naye, katika Siasa, alisema kuwa awezaye kuishi nje ya jumuiya ama ni mnyama ama ni mungu.

Huyo Aristotle ndiye aliyeupinga ubaguzi wa mwili na nafsi kwa nguvu zaidi ya wengine wote wa kale. Katika kitabu chake juu ya nafsi alisema kuwa kuuliza kama nafsi na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza kama nta na chapa iliyopigwa juu yake ni kitu kimoja. Jicho lingekuwa mnyama, kuona kungekuwa nafsi yake. Jicho lisiloona ni jicho kwa jina tu, kama jicho la sanamu. Kwa maneno mengine, nafsi si mkaaji ndani ya nyumba. Ni namna ya kuwa hai ya mwili huu. Mmakonde aliyechanjwa chale usoni, au bibi wa zamani aliyevaa ndonya mdomoni, angeielewa hoja hii bila shida, kwa sababu kwao ngozi iliandikwa huyu ni nani na wa watu gani.

Hata hivyo mtu asikimbilie kumfanya Aristotle rafiki. Alisema kwamba kinachomtenga binadamu na wanyama ni akili, kisha akasema katika Siasa kwamba mtumwa wa asili hana uwezo wa kushauriana na nafsi yake akaamua. Kwamba mwanamke anao lakini hauna mamlaka. Na kwamba mtoto anao lakini haujakomaa. Mtumwa ni chombo chenye uhai. Hapa twaona jambo ambalo kila mwenye kuandika maana ya mtu apaswa kuliogopa. Ukishapiga mstari na kusema, mtu ni yule mwenye kitu fulani, mara hutokea mwenye nguvu akasema kwamba fulani hanacho.

Masasi ya Kikristo ilianza na watu wa aina hiyo waliohesabiwa kuwa vyombo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu wapatao 55 waliofunguliwa utumwani, akapanda nao kutoka Lindi kwa miguu. Kusudi la safari lilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wametoka. Walipofika Masasi wakapapenda, wakakaa. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia misheni, wakachukua mateka, na Chauncy Maples akahamisha kituo kwenda Newala juu. Hivyo watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakaona tena ya kuwa uhuru waweza kunyang'anywa asubuhi moja.

Mtu akisoma habari hizo hawezi kutomkumbuka Epictetus. Alizaliwa yapata mwaka 50 B.K. huko Hierapoli, mji ambao Paulo autaja katika Wakolosai 4:13, akawa mtumwa Roma. Alikuwa kilema wa mguu, na Origen wa Iskanderia ametuhifadhia masimulizi kwamba bwana wake ndiye aliyeupindisha mpaka ukavunjika, naye akisema kwa upole tu kwamba utavunjika. Baada ya kuachwa huru alifundisha, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma akaenda Nikopoli. Fundisho lake lote lasimama juu ya jambo moja: mwili, mali, jina na cheo haviko chini ya uwezo wangu, kilicho changu ni uwezo wa kukubali au kukataa. Jabari aweza kuufunga mguu wangu, lakini uchaguzi wangu hata Zeu hawezi kuushinda. Basi mimi ni ule uchaguzi.

Hatumdharau Epictetus. Ni ajabu kwamba aliyekuwa chombo chenye uhai ndiye aliyeijibu hoja ya Aristotle, tena kwa kuonyesha kwamba kile ambacho mtumwa eti hana ndicho kitu pekee asichoweza kunyimwa. Walakini tukiwaangalia wale watu wa Masasi twaona kwamba hawakuridhika na uhuru wa namna hiyo, na kwa maoni yetu hawakukosea. Mtumwa katika nchi zetu hakuwa tu mtu aliyefungwa. Alikuwa mtu asiye na ukoo, asiye na mjomba wa kumsemea. Hati ya kuachwa huru haikumrudishia mjomba. Alichotaka ni kulima shamba lake, kuoa, kuoza, kuzikwa na watu, na watoto wake wapitishwe mahali watoto wa wenzake walipopitishwa. Hapo ndipo Wakristo wa Masasi walipokutana na jando.

Kati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde mtoto hakuhesabiwa mtu mzima kwa miaka yake. Alipelekwa kumbini, akatengwa na mama yake, akatahiriwa, akafundishwa, kisha akarudi na jina jipya. Na kumwita kwa jina la utotoni baada ya hapo lilikuwa tusi. Wasichana nao walikuwa na unyago wao chini ya makungwi. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alivutwa sana na mambo hayo, akayaandika katika kitabu chake cha mwaka 1908.

Hapa twataka kurudi kwenye neno persona, kwa kuwa maana yake ya kwanza ni kinyago cha mwigizaji. Cicero, akiandika mwaka 44 K.K. na kumfuata Mstoiki Panaetius, alisema kwamba kila mtu amevikwa persona nne. Ya kwanza ni akili, tuliyo nayo wote. Ya pili ni tabia ya pekee ya kila mmoja. Ya tatu huletwa na bahati: ukoo, mali, nyakati. Ya nne ni ile tunayojichagulia wenyewe, kama kazi na mwenendo wa maisha. Kwa Cicero, mtu mwema ni yule anayevivaa vyote vinne bila kupingana. Kinyago hakikuwa udanganyifu, kama tunavyodhani leo tukimwita mnafiki kwamba amevaa kinyago. Kilikuwa njia ya kuonekana hadharani ukiwa mtu fulani.

Sasa juu ya uwanda wa Makonde vinyago vipo kweli. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika mwaka 1971 juu ya ngoma za isinyago na midimu, ambamo wachezaji huvaa vinyago katika sherehe za jando na unyago. Asiyeingizwa hapaswi kumjua aliye ndani. Aliyeingizwa amejua kwamba ni binadamu, pengine jirani yake, naye hunyamaza. Twashangazwa na jambo hili kila tunapolifikiri: kwamba kukua, kwa watu hawa, ni pamoja na kujua nani yuko nyuma ya kinyago na kustahili kuitunza siri hiyo. Cicero asingekuwa mgeni kabisa penye uwanja huo. Epictetus naye aliwaambia wanafunzi wake kwamba wao ni waigizaji, na kwamba kuchagua sehemu ya kuigiza ni kazi ya mwingine.

Askofu William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, ndiye aliyesifika kwa kulibatiza jando. Katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1928 alitetea kwamba mila isiyopingana na imani ising'olewe bali itakaswe. Padre aliongoza, maombi kwa Mungu yakachukua mahali pa maombi kwa wahenga, na wavulana waliporudi walipokewa kanisani kwa shukrani. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1972, alionyesha kwamba mambo yalikuwa na utata kuliko Askofu alivyoyaeleza, na kwamba mapadre Waafrika walikuwa na sehemu kubwa katika shauri hilo. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kubadilishwa, na si ajabu: wenye nao walikuwa wanawake, na wenye kutaka kuubadili walikuwa hasa wanaume.

Wako waliompinga Lucas kwa hoja iliyo nzito. Ubatizo, walisema, umekwisha kumpa mtoto jina na kumzaa mara ya pili. Kumbi lina nini la kuongeza? Hoja hii hatuwezi kuikwepa kwa kuitaja tu heshima ya mila. Wala hatutaki kusahau kwamba mafundisho mengine ya unyago yamewaharakisha wasichana katika ndoa kabla ya wakati, na kwamba siku hizi kumbi limefupishwa likaingizwa katika likizo ya shule, hata watoto wadogo sana hupelekwa. Hata hivyo waliopinga wakisema kwamba jando lahusu mwili tu, na kwamba ubatizo wahusu roho, hapo walinena kwa lugha ya Phaedo bila kujua. Lucas alikuwa na haki katika hili angalau, kwamba kijana hana roho iwezayo kuwa ya Kikristo wakati mwili wake, jina lake na wajomba wake wanabaki nje ya mlango.

Wengine wa kale twaweza kuwapita upesi. Epicurus alisema nafsi ni chembe zinazotawanyika mtu afapo, na kwa hiyo kifo si kitu kwetu. Wafuasi wake ndio waliokutana na Paulo Athene pamoja na Wastoiki, katika Matendo 17:18, na waliposikia habari ya ufufuo baadhi ya wasikilizaji walidhihaki. Plotinus, kwa ushuhuda wa mwanafunzi wake Porphyry, alionekana kuona aya kwa kuwamo mwilini. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliyejifunza kwa Wafuasi wa Plato, alikwenda ndani zaidi yao wote katika Maungamo yake, akapita kumbi za kumbukumbu, wala hakujipata mwenyewe mwishoni mwa safari. Alijikuta amekuwa swali, na Mungu yu ndani kuliko undani wake. Ni yeye aliyeiacha hoja ya kujijua kwa juhudi, na hapo Luther anaanzia.

Mwaka 1536 Luther aliandika hoja 40 juu ya mtu. Anakubali kwanza kwamba falsafa husema vema kumwita mtu kiumbe chenye akili, hisi na mwili. Tena aisifu akili kama kitu bora kupita vyote vya maisha haya. Kisha asema kwamba maelezo hayo yamhusu mtu wa kufa, wa dunia hii tu, na kwamba falsafa haijui mtu alitoka wapi wala aenda wapi. Akimfuata Paulo katika Warumi 3:28, aweka maelezo mapya: mtu ni yule ahesabiwaye haki kwa imani. Tuone kilichobadilika. Plato, Aristotle na Epictetus walitafuta kitu ndani ya mtu kinachomfanya awe mtu. Luther asema mtu ajulikana kwa kile anachotendewa. Basi mtumwa asiyehesabiwa kuwa na akili, mtoto mchanga, na mzee aliyepotewa na kumbukumbu hawapungui kitu, kwa sababu maelezo haya hayaulizi wana nini.

Katika hoja ya 35 Luther achukua chombo cha Aristotle mwenyewe na kukigeuza. Mtu wa maisha haya, asema, ni malighafi tu mkononi mwa Mungu, kwa ajili ya umbo la maisha yajayo. Aristotle aliona nafsi kuwa umbo lililokwisha kuushika mwili. Luther aona mtu mzima, mwili na nafsi pamoja, akingoja umbo lake. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kukata mtu vipande viwili na kusema kipande kimoja kimekwisha kufika.

Jambo hilo laturudisha kaburini. Paulo, akijibu swali lile lile la Crito kwa njia nyingine katika 1 Wakorintho 15, hasemi habari za ganda; asema habari za punje. Mkulima wa Newala apandapo korosho huifukia pamoja na ganda lake, wala hatazami kama kuna kitu kimetoka ndani kikaenda zake. Twapendekeza basi mhubiri aseme jina la marehemu juu ya jeneza, akielekeza pale, kwamba huyu ndiye tunayemzika na ndiye atakayefufuliwa. Na kule ambako marehemu alikuwa na jina la ubatizo na jina la jando, yasemwe yote mawili.